Jasho la Usoni: Saa Ngapi, Upande Gani, Baada ya Nini?

Jasho la makwapani hufichwa na shati. La usoni halina pa kujificha: kila aliye mbele yako huliona, na wengi hujipa jibu kabla ya kuuliza. Huyu ana hofu. Huyu anadanganya. Huyu ana maradhi anayaficha. Anayefanyiwa usaili wa kazi huku matone yakidondokea vyeti vyake anajua uzito wa macho hayo. Hata hivyo, jasho si shahidi wa tabia ya mtu. Ni kazi ya neva na tezi, na anayetaka kujua chanzo chake aanze na maswali matatu: hutoka saa ngapi, upande gani, na baada ya nini?

Mwili wa binadamu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Paji la uso, viganja na nyayo ni miongoni mwa sehemu zilizosheheni tezi hizo. Amri hutoka kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Neva zikifikishiwa amri humwaga asetilikolini, kemikali inayoziamsha tezi, nazo hutoa maji yenye chumvi. Maji hayo hayapozi mwili kwa kutoka tu, bali kwa kukauka: lita moja ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na karibu kilokalori 580 za joto. Ndiyo maana joto la pwani wakati wa kaskazi huelemea kuliko joto kavu la bara. Hewa ya Mombasa au Dar es Salaam imeshiba unyevu, jasho halikauki, linadondoka bure, na mwili unazidi kulitoa. Uso unaochuruzika katika hali hiyo unafanya kazi yake.

Tatizo huanza jasho linapozidi haja ya mwili. Aina moja huja yenyewe, bila ugonjwa mwingine nyuma yake, nayo madaktari huiita haipahidrosisi ya msingi. Tezi za mwenye hali hii si nyingi wala si kubwa kuliko za jirani yake. Neva ndizo zinazoziamrisha kupita kiasi. Mara nyingi huanza ujanani, hutoka pande zote mbili za uso, na aghalabu kuna ndugu mwingine mwenye tatizo hilohilo. Dalili yake kubwa ni kwamba mtu akilala, jasho hukoma. Akiamka, jambo dogo tu hulirudisha: kuitwa kusoma mbele ya watu, kukutana na wakwe, au hata kule kuwaza kwamba sasa hivi litatoka. Hofu ya jasho huleta jasho, na jasho huongeza hofu.

Jasho la usiku ni habari nyingine. Anayeamka shuka zimelowa, huku anakohoa kwa wiki mbili au zaidi na mwili unapungua, aende kupimwa kifua kikuu bila kuchelewa. Malaria nayo ina mfuatano wake unaojulikana: baridi na kutetemeka, kisha homa, kisha jasho jingi. Virusi vya Ukimwi na baadhi ya saratani za mfumo wa limfu pia huweza kujitokeza kwa njia hii. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi huweza kuhisi joto la ghafla likipanda kutoka kifuani hadi usoni, usiku au mchana, likaondoka baada ya dakika chache. Jasho likiambatana na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda ilhali hamu ya kula ipo, tezi ya thairoidi iliyo shingoni ipimwe.

Swali la upande huulizwa na wachache, nalo lina uzito wake. Mwaka 1988 daktari wa neva wa Australia, James Lance, na wenzake walieleza wagonjwa ambao nusu moja ya uso huwa nyekundu na kulowa jasho baada ya mazoezi, nusu nyingine ikabaki kavu. Mtu angedhani ubovu uko upande unaolowa. Mara nyingi ni kinyume: upande mkavu ndio ambao neva zake zimekatika au zimebanwa. Jasho la upande mmoja basi lisipuuzwe, hasa kama kope la jicho limelegea au mboni moja imekuwa ndogo kuliko mwenzake. Huenda kuna kitu shingoni au kifuani kinachobana neva.

Baada ya nini? Wengi watajibu: baada ya pilipili. Kapsaisini iliyomo kwenye pilipili hugusa kipokezi kilekile kinachohisi joto la zaidi ya nyuzi 43, hivyo ubongo huamini kinywa kinaungua na kuagiza jasho. Kugunduliwa kwa kipokezi hicho ni sehemu ya kazi iliyompatia David Julius Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Lakini wapo wanaotokwa na jasho shavuni kwa chakula chochote, hata kisicho na pilipili. Mwaka 1923 daktari wa Poland, Łucja Frey, alieleza hali hiyo kwa mgonjwa aliyejeruhiwa karibu na tezi ya mate. Neva za mate zinapoota upya baada ya jeraha au upasuaji hupotea njia na kuziingia tezi za jasho. Mtu akitafuna, shavu hulowa. Wenye kisukari cha miaka mingi pia huweza kupata jasho la mlo, ishara kwamba neva zimeathirika. Anayetumia insulini, jasho la ghafla pamoja na njaa na kutetemeka huweza kuwa sukari iliyoshuka: apime, au kama hana kipimo ale kitu chenye sukari mara moja.

Jibu jingine huenda liko kwenye kabati la dawa. Baadhi ya dawa za sonona, mfano sertralini na venlafaksini, huongeza jasho; vivyo hivyo tramadoli. Usiache dawa kwa uamuzi wako, mwambie aliyekuandikia. Na jasho baridi la ghafla pamoja na maumivu ya kifua halisubiri miadi: kimbilia hospitali, huenda ni moyo.

Chanzo kikijulikana, tiba hufuata. Ugonjwa uliojificha nyuma ukitibiwa, jasho hupungua. Kwa aina ya msingi, hatua ya kwanza ni dawa ya kupaka yenye kloridi ya alumini. Hupakwa usiku kwenye ngozi kavu kabisa, mbali na macho, na kuoshwa asubuhi. Ikikutana na maji ya jasho huzalisha asidi inayowasha. Kwa ngozi ya uso huhitajika nguvu ndogo, kwa hiyo usinunue ya makwapa ukaijaribu usoni. Oksibutinini, dawa ya kumeza, huzuia asetilikolini mwili mzima. Hukausha jasho, hukausha na kinywa, huleta ukungu wa macho na kufunga choo, na haiwafai wenye baadhi ya aina za presha ya macho au wanaopata shida ya kukojoa. Anayeitumia huku akishinda juani yuko hatarini kupatwa na kiharusi cha joto, kwa kuwa amefunga njia kuu ya mwili kujipoza. Sindano za sumu ya botulinamu hunyamazisha tezi kwa miezi kadhaa, ingawa nyusi huweza kulegea. Upasuaji wa kukata neva kifuani uwe wa mwisho kabisa: uso hukauka, lakini jasho huweza kuhamia mgongoni, tumboni na mapajani, na wapo wanaojutia mabadilishano hayo.

Kwa siku za kawaida, leso ya pamba ya kugandamiza, si ya kusugua, upepo wa feni, maji ya kutosha ya kunywa na kupunguza pombe husaidia bila gharama kubwa.

Kabla ya kwenda kliniki, andika kwa wiki mbili saa jasho linapotoka, upande wake, ulichokula, dawa ulizomeza na kama uliamka umelowa. Nenda na karatasi hiyo pamoja na dawa zako zote. Daktari atajua mapema kama anatafuta ugonjwa au anatibu neva zenye haraka, nawe utapimwa kinachohitajika badala ya kupimwa kila kitu.