Mtoto Mgonjwa Sana Hapangi Foleni

   Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya saa ya kwanza baada ya mtoto mgonjwa sana kufikishwa hospitalini. Saa hiyo ni muhimu, kwa sababu watoto wengi wanaofia hospitalini hufariki katika saa 24 za kwanza baada ya kufika.

Nianze na jambo ambalo sijalisahau. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja. Wauguzi tulikuwa wawili na benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja kijana aliketi mwisho kabisa, mtoto amemfunika kwa shuka. Mama alikuwa kimya na mtoto kimya. Sisi tukawahudumia kwanza wale waliokuwa wakilia. Zamu yake ilipofika nilifunua shuka, nikakuta mtoto hajitambui na mikono yake ni baridi. Tulijaribu yote tuliyoweza, lakini hatukumwahi. Mama akaniambia, "Sista, wengine walikuwa wametangulia. Niliona vibaya kuwapita."

Kosa halikuwa la mama huyo. Lilikuwa letu sisi, kwa kuwa hatukupita kwenye benchi kuwaangalia watoto mmoja mmoja. Lakini tangu siku hiyo humwambia kila mama hivi: mtoto mgonjwa akinyamaza, usiseme amelala mpaka umemwamsha.

Nani ahudumiwe kwanza?

Sokoni na kwenye benki, aliyefika kwanza huhudumiwa kwanza. Katika kitengo cha dharura si hivyo. Wahudumu wanapaswa kumwangalia kila mtoto mara tu anapofika na kuwapanga katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni wale wa dharura, ambao hutibiwa papo hapo. La pili ni wale wanaopewa kipaumbele, ambao hupelekwa mbele ya foleni. La tatu ni wale wanaoweza kusubiri zamu yao.

Huo ndio utaratibu unaofundishwa wauguzi na madaktari katika hospitali zetu. Shida ni kwamba usiku wahudumu ni wachache na wagonjwa ni wengi, na jicho moja haliwezi kuona kila mtoto aliye chini ya leso. Ndiyo maana tunahitaji msaada wako. Wewe uliyempakata ndiwe unayeona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ishara za kusema kwa sauti

Ukiona mojawapo ya hizi, usiketi. Nenda kwa muuguzi aliye karibu useme, "Mtoto wangu ana hali ya dharura," kisha taja unachokiona.

Ya kwanza ni kupumua. Midomo au ulimi umebadilika rangi kuwa kama samawati au kijivu, mtoto anakoroma kwa kila pumzi, au kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa. Mtoto akiwa ametulia, unaweza kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno.

Ya pili ni fahamu. Mtoto hashtuki ukimwita, hawezi kunyonya wala kunywa, au ana degedege.

Ya tatu ni damu na maji mwilini. Mikono na miguu ni baridi ingawa tumbo ni moto. Au mtoto anahara, macho yamezama, amelegea, na ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Au viganja vyake ni vyeupe ukivilinganisha na vyako.

Wapo pia wasiostahili kusubiri hata kama wanaonekana wana nafuu. Hao ni mtoto wa chini ya miezi 2, aliyeungua, aliyemeza sumu au mafuta ya taa, aliyekonda sana au aliyevimba miguu yote miwili, na aliyeletwa na barua ya rufaa. Barua hiyo usiiweke mkobani. Ishike mkononi.

Kinachofanyika huko ndani

Mama wengi huogopa mtoto anaponyakuliwa na watu watatu kumzunguka. Hebu nikueleze wanachofanya. Kwanza wanahakikisha njia ya hewa iko wazi. Pili wanaangalia kama anapumua vizuri, na wanambana kidole kwa kifaa kidogo kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Tatu wanashika mikono na kupima mapigo ya moyo. Nne wanaangalia fahamu. Halafu wanamtoboa kidole au kisigino kupima sukari, kwa sababu mtoto mgonjwa ambaye hajala huishiwa sukari haraka na ubongo wake ukaumia. Haya yote huja kabla ya kadi na kabla ya maswali marefu.

Oksijeni haiui

Kuna maneno yanayosemwa sana mtaani kwamba mtoto akiwekwa oksijeni amefika mwisho. Mama wengine huchomoa mrija kwa siri. Tafadhali usifanye hivyo. Wanaowekwa oksijeni ndio wale walio wagonjwa zaidi, na ndiyo maana baadhi yao hufariki. Kulaumu oksijeni ni kama kuwalaumu wazima moto kwa kuwa kila nyumba inapoungua huwa wapo. Oksijeni humsaidia mtoto mwenye homa ya mapafu apate nguvu wakati dawa inafanya kazi. Usimwondolee mrija hata kwa dakika chache za kumpeleka nje, mpaka muuguzi akubali.

Si kila mtoto anahitaji dripu ya haraka

Malalamiko mengine ninayosikia ni haya: "Tumefika asubuhi na mtoto hajamiminiwa dripu." Zamani sisi wauguzi tuliamini kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono baridi afaa kumiminiwa maji mengi kwa haraka. Kisha utafiti ukafanyika katika hospitali ya Kilifi hapa Kenya, pamoja na Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na yaliwashangaza madaktari wa dunia nzima. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, kama 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakumiminiwa hivyo, walifariki kama 7. Haya tuliyajua kwa sababu watoto wa hapa kwetu walichunguzwa kwa makini, badala ya kufuata mazoea.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Utafiti huo haukuwahusu watoto wanaohara. Mtoto aliyekaukiwa sana kwa kuhara anahitaji maji haraka, na mara nyingine kwa dripu. Basi ukiona daktari anaenda polepole na dripu, muulize kwa upole, "Daktari, mtoto wangu anahitaji nini sasa?" Ni haki yako kuelezwa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kwanza, usipoteze siku ukizunguka kwenye maduka ya dawa. Ukiona ishara nilizotaja, nenda moja kwa moja kwenye kituo kilicho karibu. Ukiwa Kitengela, kumbuka msongamano wa barabara ya Namanga. Ukiwa mbali na lami, kumbuka kwamba mvua ikinyesha mabonde hujaa maji. Panga mapema nani ana gari au pikipiki, na uhifadhi namba ya mhamasishaji wa afya wa kijiji chako.

Mtoto anayehara, mpe maji ya ORS kidogo kidogo njiani na uendelee kumnyonyesha. Mtoto asiyejitambua usimpe chochote kwa mdomo. Mwenye degedege, mlaze kwa ubavu na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Aliyekunywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa maana mafuta yakiingia mapafuni yatamdhuru zaidi. Mtoto mchanga, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi ili asipate baridi.

Chukua kitabu cha kliniki na dawa zote alizokunywa, pamoja na za miti shamba. Usione haya kuzitaja. Hatuulizi ili tukugombeze. Tunauliza ili tusimpe dawa zitakazogongana. Kumbuka pia alikula lini na alikojoa lini mara ya mwisho.

Na pesa je?

Najua kuna mama anayekaa nyumbani usiku kucha kwa sababu hana pesa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inasisitiza hilo. Kwa hiyo mlete mtoto kwanza, mambo ya malipo yatazungumzwa baadaye. Hata hivyo ni vizuri kujiandaa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kama hujajiandikisha, piga *147# ukiwa mzima, usingoje mpaka mtoto augue.

Mambo ya kukumbuka

1. Hospitalini, mgonjwa zaidi ndiye wa kwanza.
2. Mfunue mtoto uso ukiwa kwenye benchi, na ujaribu kumwamsha mara kwa mara.
3. Hali ikibadilika, simama uende kwa muuguzi, hata kama ulikwisha kuonwa.
4. Usichomoe oksijeni.
5. Uliza unachofanyiwa na kwa nini.

Na wewe uliyeketi karibu na mama mwingine kwenye benchi, mtupie jicho mtoto wake pia. Ukimwona amelegea, mwambie mama yake, "Dada, pita mbele." Wewe na wa kwako mtachelewa dakika chache tu, lakini yule mtoto huenda hana dakika hizo.