Kwa Nini Tumalize Dawa ya Malaria?



Tunapotembelea vikundi, akina mama hutuuliza: "Mtoto ameshapoa, anacheza. Mbona nimpe vidonge vyote?" Jibu limo ndani ya damu.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, yaani seli. Seli ikitaka kuongezeka, hunakili kwanza mbegu za urithi zilizo katika kiini chake, halafu hugawanyika: moja inakuwa mbili. Ndivyo mtoto anavyokua na kidonda kinavyopona.

Kijidudu cha malaria nacho ni seli moja tu, lakini kina ujanja wake. Mbu akishakuuma, huenda kwenye ini, kikazaana huko karibu wiki nzima, na wewe husikii kitu. Kisha watoto wake huingia katika chembe nyekundu za damu. Humo kiini hugawanyika tena na tena kwanza, ndipo mwili ukatike vipande. Baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kutoa vijidudu vipya 16 hadi 32. Hapo ndipo homa hupanda.

Sasa pigeni hesabu kama ya chama. Tuseme katika kila kizazi 10 tu ndivyo vinavyofaulu kuingia chembe mpya. Kimoja siku ya 2 ni 10, ya 4 ni 100, ya 6 ni 1,000, ya 8 ni 10,000. Riba gani hiyo!

Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI pale Kilifi na wenzao walieleza kwamba watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu wana chembe zenye ngozi iliyokaza, na kijidudu hupata taabu kuingia. Kisipoingia, hakigawanyiki. Lakini wengi wetu hatuna Dantu. Kinga yetu ni neti na dawa.

Dawa ya mseto (AL) hunywewa mara 6 kwa siku 3. Sehemu moja huua upesi, homa ikashuka, lakini haikawii mwilini. Ya pili hubaki siku kadhaa kumaliza masalia. Ukiacha katikati, masalia yanaanza hesabu upya.

Ya kujadili kikundini:
1. Nani kwetu ameweka vidonge vya "siku nyingine"? Kwa nini?
2. Mtoto akishikwa na dege usiku, tutamfikishaje hospitali mara moja? Mfuko wa kikundi unaweza kusaidia nauli?

Na homa yoyote, pimeni kwanza.