Bad, Bed na Sikio la Mjerumani

Mpe Mjerumani anayeanza Kiingereza maneno manne ayasome: bad, bed, bat, bet. Asipokuwa mwangalifu, yote yatatoka kama bet.

Hapo yamekutana makosa mawili. La kwanza ni la konsonanti: katika Kijerumani, d ikifika mwisho wa neno hutamkwa t, ndiyo maana Rad, gurudumu, na Rat, ushauri, hayatofautiani kwa sikio. La pili ni la irabu. Irabu za Kijerumani ni karibu mara tatu ya zile tano za Kiswahili, lakini ile ya bad haimo. Ili kuitoa, taya hushuka huku ulimi ukibaki mbele. Mjerumani huisikia akaiweka kwenye e yake. Simu ya mkononi kwao ni Handy, neno lenye sura ya Kiingereza, nao hulitamka "hendi". Waswahili hawana la kuwacheka: bag waliipokea ikawa begi, bank ikawa benki, band ikawa bendi.

Watafiti Ocke-Schwen Bohn na James Flege walilichunguza jambo hili kwa vipimo vya sauti. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1992, waliwalinganisha Wajerumani watu wazima waliokaa Marekani muda mrefu na wale wasio na uzoefu huo. Wazoefu waliitamka irabu ya bad karibu sawa na Wamarekani wenyewe. Ajabu ni upande wa pili: katika irabu za bed, bit na beat, miaka yote ile haikuwa imewapa nafuu ya maana.

Maelezo yao ni kwamba sauti ngeni kabisa, baada ya muda, hugutusha sikio, nalo likaitafutia nafasi yake. Irabu ya bed inafanana mno na ya Bett, kitanda kwa Kijerumani, hata msemaji haoni cha kurekebisha.

Urefu nao huingilia kati. Mjerumani amezoea kutofautisha Staat, dola, na Stadt, mji, kwa kuvuta irabu au kuikata. Basi akisikiliza Kiingereza, hutegemea urefu wa irabu kuliko umbo la mdomo: irabu ikivutwa huidhania bad, ikikatwa bed.

Kwenye go na say hali ni nyingine tena. Mwingereza huanza na irabu moja akateleza hadi nyingine. Mjerumani huvuta moja tu, ikasikika "goo" na "see".