Vita vya Mirambo, Wasimulizi Wengi

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora ilizaa maandishi mengi, na anayeyasoma yote hujikuta ndani ya kitu kama riwaya ndefu ya kishujaa yenye wasimulizi tele. George R.R. Martin, katika A Game of Thrones ya mwaka 1996, aliipa kila sura jina la mhusika ambaye mambo yanaonekana kwa macho yake. Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, haikupata mtunzi wa kuipanga hivyo. Sura zake zimetawanyika, na anayezipanga ni msomaji mwenyewe.

Kikwazo cha kwanza ni majina. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857, na Kazeh hiyo ndiyo Tabora. Mnywa Sere alikuwa mtemi wa Unyanyembe ambaye Waarabu walimng'oa na kumtawaza Mkasiwa. Mnywa Sere aliuawa mwaka 1865. Manwa Sera ni mtu mwingine kabisa, nahodha katika msafara wa mpelelezi Stanley miaka kumi baadaye. Asiyeandika orodha ya wahusika pembeni atamfufua marehemu.

Sura nono kuliko zote ni vita vya mwaka 1871. Stanley aliingia Unyanyembe Juni mwaka huo akiwa njiani kumtafuta mmisionari Livingstone. Wenyeji wake Waarabu walimweleza kwamba Mirambo, mtemi wa Urambo, alitoza msafara mmoja hongo nzito ya kupita kisha akaufungia njia ya Ujiji. Stanley akajiunga nao vitani. Agosti jeshi lao, likirudi na nyara, lilivamiwa na watu wa Mirambo waliokuwa wamevizia njiani, na tarehe 22 Tabora yenyewe ikashambuliwa. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wakuu wa mji, aliuawa. Stanley alikuwa Kwihara, nje kidogo ya mji. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 Mirambo ni mnyang'anyi.

Aprili 1876 Stanley huyohuyo alikutana na Mirambo ana kwa ana, wakachanjiana damu kuwa ndugu, na Manwa Sera ndiye aliyeendesha shughuli. Kitabu cha mwaka 1878 kinamchora mtu mpole, mwenye adabu. Mirambo hakubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni mahali aliposimama msimulizi. Mara ya kwanza alikuwa ndani ya boma la maadui wa Mirambo.

Tippu Tip anaongeza jicho la tatu. Mfanyabiashara huyo, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Baba yake Tippu Tip aliishi Tabora na kuoa katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, kwa hiyo siasa za mji zilikuwa habari za nyumbani kwake. Hata hivyo hakuona sababu ya kumchukia Mirambo: pembe za ndovu zilihitaji njia iliyo wazi, na kupatana kulikuwa na faida kuliko vita. Mtindo wake ni mkavu, wa mfanyabiashara anayehesabu, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Wapo wahusika wasio na sura yao. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, yumo katika vitabu vya wasafiri Burton, Speke, Stanley na Cameron. Speke alimpenda, Stanley alimlalamikia kila mara. Hakuacha kitabu chake. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba vitambaa na pembe mabegani, mara nyingi huonekana pale tu wanapogoma au kutoroka, na wanawake wa misafara hupita kama vivuli.

Kwa msomaji wa Kiswahili, pa kuanzia ni Mtemi Mirambo cha J.B. Kabeya, kilichotoka mwaka 1966, kinachomweka mtawala huyo katikati ya Unyamwezi yake badala ya ukingoni mwa safari ya mgeni. Maisha ya Tippu Tip yafuate. Stanley akisomwa wa mwisho, vishindo vyake havitamtisha mtu tena.