Kuhujumu si Kuharibu Tu

Umeme ukikatika hosteli usiku wa kuamkia mtihani, hakosekani wa kusema, “Wametuhujumu hawa!” Neno tamu kulitamka, ila lina uzito kuliko tunavyolichukulia.

Tulitenge kwanza na ndugu zake. Kuumiza hakuhitaji nia: mtu anaweza kukuumiza kwa kukukanyaga tu kwenye daladala. Kudhuru vilevile, hata jua kali hudhuru. Lakini jua halihujumu. Anayehujumu ni mtu, tena amekusudia.

Kitenzi hiki asili yake Kiarabu, ambako hujum ni shambulio. Maana hiyo bado ipo. Kwenye habari za vita utasikia “hujuma za kijeshi”. Ila Kiswahili kimekiongezea maana ya kuharibu jambo chini kwa chini, na hapo ndipo kinapokutana na “sabotage” ya Kiingereza. Waingereza nao waliazima, kwa Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake mna “sabot”, kiatu cha mti. Wengi husimulia kwamba wafanyakazi walitupa viatu hivyo kwenye mashine ili ziharibike. Hadithi nzuri, ushahidi hamna. “Saboter” ilikuwa kupiga kishindo kwa viatu hivyo, kisha kufanya kazi ovyo ovyo. Kuharibu makusudi kulikuja baadaye, enzi za migomo.

Kwetu neno lilivuma mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa “wahujumu uchumi”. Bidhaa zilikuwa adimu na magendo yameshamiri. Waulize wazee wa Tanga, wenye bahari mbele na mpaka wa Horohoro kaskazini. Sheria ya mwaka ule iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo, na mshtakiwa hakuwa na dhamana wala wakili. Mlanguzi mkubwa na mtu aliyeshindwa kueleza alivyopata bidhaa chache nyumbani kwake waliweza kubeba jina lile lile. Mwaka 1984 ikaja sheria nyingine, kesi zikarudi Mahakama Kuu. Jina likabaki: hata leo, ukikutwa na meno ya tembo unaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi.

Basi, kumwita mtu mhujumu ni kudai unaijua nia yake. Kama huijui, sema tu ameharibu. Hapo umesema ulichokiona, na yeye bado ana nafasi ya kujieleza.