Kisumu Ni Nyingi: Soma Jina Lote Kabla ya Kubonyeza "Sawa"

Simama pale stage ya Mamboleo asubuhi na mapema. Makanga anaita, "Kisumu! Kisumu! Gari inatoka!" Lakini ngoja kidogo, si hapa tayari ni Kisumu? Kwa makanga, Kisumu ni tauni. Kwa serikali, Kisumu ni kaunti nzima. Kwa mwanafunzi, ni shule. Kwa msafiri aliyechelewa, ni uwanja wa ndege. Jina ni moja, lakini kazi zake ni nyingi.

Leo tunataka tukueleze jina hili lilitoka wapi, na kwa nini linaweza kukugharimu pesa usipokuwa makini.

Jina lililozaliwa sokoni

Maelezo yanayojulikana zaidi yanasema Kisumu inatokana na neno la Kijaluo, kisuma au kisumo. Nyumbani kukiisha chakula, mtu alibeba alichonacho akaenda mahali pa kubadilishana. Mwenye samaki alimtafuta mwenye nafaka. Hakukuwa na noti wala sarafu, na risiti ndiyo kabisa. Ulimtazama mwenzako usoni, ukakagua kikapu chake, mkakubaliana.

Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Desemba 1901, wakoloni walipaita Port Florence, kwa heshima ya Florence, mke wa mhandisi wa reli. Jina hilo halikudumu. Lile la sokoni ndilo lililobaki, na mwaka wa 2001, miaka mia moja baada ya reli kufika, Kisumu ikatangazwa kuwa jiji. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, tukapata Kaunti ya Kisumu pia.

Sasa hesabu mwenyewe: Kisumu Boys, Kisumu Girls, Kisumu Day, Kisumu National Polytechnic, bandari, uwanja wa ndege, na maduka yasiyohesabika. Hata Mamboleo imeanza kufuata njia hiyo hiyo. Kuna Mamboleo ya makutano, kuna soko, na kuna uwanja wa michezo uliofanyiwa sherehe za Madaraka mwaka wa 2021. Ukimwambia mtu wa boda "nipeleke Mamboleo", lazima atakuuliza, "Mamboleo gani?"

Swali hilo ni dogo, lakini ni la busara. Tunapenda ulitumie pia kwenye simu.

Karo iliyopotea njia

Mmoja wetu ana anti anayeuza omena. Januari moja, siku ya kufungua shule, alitaka kumlipia kijana wake karo, shilingi 9,500. Nambari ya malipo aliipata kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp. Jina lilipotokea kwenye skrini, aliona neno la kwanza, "Kisumu", akaridhika. Akabonyeza Sawa.

Pesa ziliingia, lakini si kwa shule. Zilienda kwa taasisi nyingine kabisa, yenye jina linaloanza vivyo hivyo. Hakuna aliyemwibia, mzazi mmoja alikuwa amekosea tarakimu moja tu. Hata hivyo, pesa zilichukua siku sita kurudi, na kijana alikaa nyumbani siku hizo zote. "Sokoni mtu hawezi kunidanganya," anti alituambia, "kwa sababu namwona."

Hapo ndipo tulipoelewa. Kwenye simu huoni uso wala kikapu. Jina la mpokeaji ndilo uso wake.

Fanya hivi kila mara

- Pata nambari kwa mwenyewe. Angalia barua ya shule, risiti ya zamani au bango lililo dukani. Nambari iliyopita kwenye vikundi vitatu ihakikishe kwanza.
- Soma jina hadi neno la mwisho. "Kisumu" peke yake haitoshi. Kisumu gani?
- Kagua nambari ya akaunti. Kwa karo, mara nyingi huwa ni nambari ya usajili ya mwanafunzi. Ukiikosea, pesa zinaweza kufika shuleni na bado mtoto akaonekana hajalipiwa.
- Ukikosea, usingoje kesho. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho na upige simu kwa huduma kwa wateja mara moja. Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa zinavyozidi kuwa ngumu kurudisha.
- PIN ni yako peke yako. Anayekuomba PIN ili "akurudishie pesa" hana nia ya kukurudishia chochote.

Wazee wetu walienda kisuma wakiwa na mzigo kichwani, na hawakuuachilia kabla ya kumjua wa kumpa. Sisi mzigo wetu uko kwenye simu. Kwa hivyo kabla ya kubonyeza Sawa, uliza kama mtu wa boda pale Mamboleo: ni ipi hasa?

Anti siku hizi husoma jina kwa sauti, neno kwa neno. Wateja wake humcheka kidogo, kisha nao wanasoma.