Adenomayosisi: Kizazi kitulizwe kabla ya kupandikiza mimba

Wapo wanandoa wanaouza hata kiwanja ili walipie upandikizaji wa mimba, kisha mimba isishike. Baada ya hapo mke huanza kunyooshewa kidole. Mara nyingine chanzo ni maradhi ambayo hayakutafutwa mapema: adenomayosisi.

Katika maradhi haya, utando wa ndani ya kizazi, ule unaotoka wakati wa hedhi, huota ndani ya msuli wa kizazi. Kizazi huvimba, hedhi huwa nyingi na yenye maumivu makali. Wengine hawahisi chochote. Wengi huambiwa ni fibroidi.

Mwenye adenomayosisi anaweza kushika mimba mwenyewe. Lakini akipandikizwa, uwezekano wa mimba kushika hupungua na hatari ya kuharibika huongezeka. Afanye nini?

Kwanza, kabla ya kulipa, aombe kizazi kichunguzwe kwa ultrasaundi ya kupitia ukeni, au MRI ikihitajika. Mume naye apime mbegu.

Pili, wamuulize daktari kuhusu kugawa matibabu mara mbili. Mayai ya mwanamke hupungua ubora kwa umri, hasa baada ya miaka 35, lakini viinitete vilivyogandishwa havizeeki. Hivyo mayai huchukuliwa mapema, hurutubishwa kwa mbegu za mume, na viinitete hugandishwa. Kisha mama huchomwa sindano za kusimamisha hedhi kwa miezi 2 hadi 3. Kizazi hunywea na kutulia, ndipo kiinitete hupandikizwa. Sindano hizo huweza kuleta joto la ghafla na jasho. Baadhi ya tafiti zimeonesha manufaa, nyingine hazikuona tofauti kubwa, hivyo daktari huamua kwa hali ya kila mgonjwa.

Tatu, hedhi nyingi humaliza damu. Apimwe na kutibiwa mapema, na ameze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku.

Nne, asikimbilie upasuaji wa kukata sehemu iliyoathirika. Kovu lake laweza kupasuka mimba ikikua.

Kisheria, wanazuoni wengi wameruhusu njia hii pale yai na mbegu vinapokuwa vya mke na mume walio ndani ya ndoa. Basi wahakikishe kliniki inaandika vyema majina yao.

Ndugu mume, fuatana na mkeo kliniki. Maradhi si kosa lake. Mtoto ni riziki itokayo kwa Allah. Sisi tunatakiwa kutafuta sababu. Wabillahi tawfiiq.